Chipu Mbili na Mtoto Asiye na Jina

Leskovac,
Jumatano, 25 Septemba

Mhariri Mkuu,
Jarida la "Kompyuta Nyumbani",
Belgrade.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA NENO "INATEGEMEA", UKURASA WA 34, TOLEO LA JULAI

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu za heshima, ingawa kwa maoni yangu hustahili zote.

Mimi ni Bosiljka Ranđelović, mjane, mstaafu wa posta. Nilikaa dirisha namba nne kwa miaka thelathini na mmoja, nalo lilikuwa dirisha la malalamiko. Kwa hiyo barua ya malalamiko naijua nje ndani. Huwa na namba, huwa na adabu, na haiandikwi kwa wino mwekundu. Nakueleza haya mapema usije ukadhani umeandikiwa na bibi kizee asiye na la kufanya. La kufanya ninalo. Nina magunia mawili ya pilipili hoho yanayosubiri kuchomwa na kusagwa kabla baridi haijaingia, na nina mjukuu wa siku ishirini na nne ambaye mpaka leo hana jina.

Hana jina kwa sababu yako. Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Mwanangu Nebojša hupiga video za harusi na ubatizo. Kompyuta yake ya zamani ilipochoka, akaamua kuunda mpya kwa mikono yake mwenyewe, hapa nyumbani, juu ya meza yangu ya chakula. Akanunua kasha, akanunua feni nne, akanunua na nyaya za kutosha kumfunga ng'ombe. Kikabaki kitu kimoja tu: prosesa, yaani ile chipu ambayo ndiyo ubongo wa mashine. Nimeambiwa kwa kompyuta za nyumbani kuna chapa mbili kubwa. Sitazitaja, kwanza kwa sababu sina ugomvi na kampuni za watu, pili kwa sababu siwezi kuyatamka majina yake. Nitaziita Nyekundu na Buluu, kama wanavyoziita hapa nyumbani.

Mwanangu ni mtoto mwenye heshima. Akakuandikia wewe, mtaalamu, akakuuliza: ninunue ipi? Ukamjibu kwenye ukurasa wa 34: "Inategemea mahitaji yako."

Ndugu Mhariri, mtu angekuja dirishani kwangu akaniuliza kifurushi chake kiko wapi, nikamjibu "inategemea", unadhani ningefikisha miaka thelathini na mmoja? Nisingefika saa sita mchana. Mwanangu alikuuliza njia, wewe ukamwonyesha njia panda. Kila balaa lililofuata limepita hapo.

2. Kwa kuwa hukuamua wewe, wakajitokeza wengine kuamua. Upande wa Nyekundu ni mkwe wangu Jelica, mke wa Nebojša, mwalimu wa hesabu. Alichapisha majedwali kurasa kumi na moja, akayabandika kwenye mlango wa friji, nikawa kila nikitaka siagi nasoma kwanza kasi ya chipu. Upande wa Buluu ni Tihomir, msimamizi wa ndoa yao, mwalimu wa udereva, mtu mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya mto. Jina lake maana yake ni amani tulivu. Wazazi wake walikuwa na matumaini makubwa.

Tihomir alisema: "Bi Bosiljka, mimi niko na Buluu mwaka wa ishirini huu, haijaniangusha hata siku moja. Hiyo Nyekundu ni ya watu wanaosoma maelezo kabla ya kula supu." Jelica akajibu akiwa jikoni: "Mama, mwambie namba hazijali nani alisimamia ndoa ya nani."

Hapo alikosea, maana kwetu zinajali. Wewe ni wa Belgrade na huenda mmeshasahau, lakini huku bado tunasema Mungu yuko mbinguni na msimamizi yuko duniani. Msimamizi hakataliwi. Akikuletea kiti kibovu unakikalia. Na katika ukoo wetu, msimamizi wa ndoa ndiye anayempa jina mtoto wa kwanza. Mimi, baba yake Nebojša na Nebojša mwenyewe, sote tulipewa majina hivyo, na hakuna aliyekufa.

Mwanangu, kwa uoga ambao hakuutoa kwangu, akanunua Nyekundu kimyakimya na hakumwambia Tihomir.

3. Sasa nakuja kwenye suala la afya. Nyumba yetu ina vyumba viwili vya kulala, kimoja nalala mimi. Kwa hiyo mtoto alipozaliwa tarehe mosi, alilazwa chumba kimoja na wazazi wake na hiyo kompyuta. Nikaichunguza. Feni za mbele zinavuta hewa, za nyuma zinaitoa. Soma tena sentensi hiyo, Ndugu Mhariri. Hewa inaingia huku na kutokea kule! Hiyo ni promaja. Ni ule upepo wa dirishani kwenda mlangoni ambao kila mama wa nchi hii anaukimbia, isipokuwa huu umetiwa ndani ya kasha na kuwekwa hatua mbili kutoka kichwa cha mtoto mchanga.

Mimi na promaja tunajuana. Marehemu mume wangu Blagoje alikaa kati ya dirisha na mlango kwa dakika kumi, mwaka themanini na tatu. Shingo yake haikurudi sawa mpaka anakufa, miaka ishirini na sita baadaye.

Basi nilichukua hatua bila kumsumbua mtu. Matundu ya nyuma niliyaziba kwa soksi sita za sufu za marehemu. Mbele nikafunika kwa kitambaa nilichokifuma mwenyewe, cha maua, na juu yake nikaweka mbwa wa kauri kisipeperuke. Kila walipotaka kuihamisha ili kuifungua, nilitangulia kuondoa vitu vyangu, kwa sababu soksi za marehemu si za kuonyeshwa watu, na walipoirudisha nilivirudisha. Hili silalamikii. Nalitaja tu uone kwamba katika nyumba hii kuna mtu mmoja anayefikiri.

4. Siku ya nane Tihomir akaja kumwona mtoto. Alivaa koti la sherehe. Mkononi alikuwa na chipu ya Buluu ndani ya boksi lenye utepe, zawadi kwa nyumba, na mfukoni alikuwa na karatasi yenye jina la mtoto. Nilimwona akiigusa ile karatasi mara tatu kabla hata hajavua viatu. Moyo wangu ulifurahi, sikufichi.

Akainama kitandani, akaona uzi mwekundu kwenye mkono wa mtoto. Sasa, uzi mwekundu kila mtu anaujua, ni kinga ya jicho baya. Hata Tihomir alifungwa uzi huo utotoni, ingawa kwa kelele zake nadhani jicho baya lingemkimbia lenyewe. Lakini mimi, kwa bahati mbaya, uzi ulinibakia. Na kwa kuwa mashine nayo ilikuwa mpya na watu waliisifu mno, nikaifunga nayo uzi, hapo kwenye kitufe cha kuwashia.

Tihomir akatazama mkono wa mtoto, akatazama kompyuta, akaona na nembo ya Nyekundu imebandikwa ubavuni. Akasema: "Ala! Hata mtoto mmeshamsajili?" Nebojša akaanza: "Ndugu yangu, ngoja nikueleze..." Jelica akamkatiza: "Hakuna cha kueleza. Tumechagua kwa akili." Tihomir akaweka kikombe chini, kahawa haijafika hata nusu. Akasema: "Nyumba iliyochagua nyuma ya mgongo wangu, ijichagulie na jina." Akaondoka na koti lake, na jina likiwa mfukoni mwa koti. Chipu aliiacha mezani, maana zawadi hairudishwi hata kwa hasira. Tangu siku hiyo mtoto anaitwa "Mtoto". Wageni wakiuliza anaitwa nani, tunawaletea keki.

Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo nyasi, na nyasi yangu ina kilo tatu na nusu na ina macho ya Blagoje.

5. Halafu hiyo Nyekundu yenyewe ikaanza kuzimika. Kabla mtoto hajaja ilifanya kazi usiku na mchana. Alipoletwa tu, kila baada ya dakika ishirini inakata roho. Mwanangu akaihamishia kwenye meza ya chakula, akaifungua, akaitazama, ikafanya kazi saa tatu bila kikohozi. Akairudisha chumbani, dakika ishirini, kimya. Mimi nilitambua mara moja: ni wivu. Mtoto wa kwanza hufanya vivyo hivyo wa pili akizaliwa. Jelica akaniambia: "Mama, ni mashine hiyo, haina moyo." Lakini nilimwona mwenyewe, tena si usiku wa manane, mchana kweupe, akiipigapiga ubavuni kwa kiganja na kuibembeleza kwa jina.

Bibi harusi mmoja wa Vlasotince, ambaye video yake imekwama humo ndani, amepiga simu mara nne. Mara ya mwisho alisema: "Mama Bosiljka, mwambie Nebojša nitazaa kabla sijaiona harusi yangu." Ana mimba ya miezi saba, si utani.

5 (tena, kwa sababu ni lile lile). Tukaijaribu ile Buluu ya zawadi. Kumbe chipu huchomekwa kwenye ubao ulio ndani ya kasha, na ya chapa moja haikai kwenye ubao wa chapa nyingine, kama vile ufunguo wa jirani. Jambo hilo pia hukuliandika kwenye ukurasa wa 34. Nebojša akaazima ubao mwingine kwa mpiga picha mwenzake. Mezani Buluu ikafanya kazi vizuri sana, na Nebojša akaanza kujitayarisha kumwomba Tihomir radhi. Tukairudisha chumbani. Dakika kumi na tano! Imeshindwa hata na Nyekundu. Jelica alikaa chini mbele ya friji akasoma majedwali yake yote upya, kisha akalia. Sijawahi kumwona analia kwa sababu ya namba.

Kwa uadilifu niseme jambo moja jema kuhusu chapa zote mbili: zinatoa joto safi. Nilipoweka bakuli la unga juu ya kasha, kando ya mbwa wa kauri, uliumuka vizuri kuliko jikoni.

6. Jumatatu imekuja barua kutoka ofisi ya usajili. Sheria inasema mtoto apewe jina ndani ya siku thelathini. Zikipita, jina litachaguliwa na ofisi ya ustawi wa jamii. Maana yake ni karani. Ndugu Mhariri, mimi nilikuwa karani. Najua majina ya makarani. Paka wa posta yetu tulimwita Risiti.

Nebojša anasema wampe jina wenyewe yaishe. Jelica anasema sawa. Mimi nimekataa, na nitasema kwa nini, ingawa hujaniuliza. Tihomir alikuwa wa kwanza kubisha mlango Blagoje alipofariki. Alibeba jeneza upande wangu, akanyamaza siku nzima, na kwa Tihomir kunyamaza siku nzima ni kufunga kwaresima mbili. Mtoto akipata jina bila yeye, hatavuka tena kizingiti chetu. Sitaki. Ananikera tangu harusi, na sitaki aondoke.

Kwa hiyo, kwa kuzingatia yote niliyoyaeleza, naomba yafuatayo:

(a) Neno "inategemea" lifutwe kwenye jarida lako, na mahali pake pawekwe jibu.

(b) Kwa kuwa imethibitika nyumbani kwangu kwamba chapa zote mbili haziwezi kuishi chumba kimoja na mtoto, uitangazie nchi chapa ya tatu ni ipi. Kama haipo, posta ianze kutengeneza. Tuna madirisha matupu siku hizi, na watu wetu wamezoea kushika vitu vidogo kama stempu.

(c) Kwa kuwa wewe ndiye uliyemfukuza msimamizi wetu kwa neno lako, kiti chake sasa ni chako. Panda basi ufike Leskovac kabla ya Jumanne ijayo, ukiwa na jina. La kike, tafadhali, na lisiwe la chipu. Utakula, utalala kwenye kochi, mbali na dirisha.

Nikitumaini utalishughulikia suala hili kwa uzito unaostahili, nabaki,

wako katika kudai haki,

Bosiljka Ranđelović
(zamani dirisha namba nne)

Wasalimie wote ofisini: mpiga chapa, anayepokea simu, anayefagia, na yule kijana wa picha ya ukurasa wa tatu aliyekaa dirisha likiwa wazi nyuma yake. Mwambie: mama yake anajua.

N.B. Jumatatu, 30 Septemba.

Dirishani kwangu niliwaambia wateja wote: barua ya hasira ilaze siku tatu kabla ya kuituma. Nikailaza na hii. Ningeichana, lakini nilikuwa nimeshabandika stempu, na kitu chenye stempu lazima kisafiri. Kwa hiyo soma na haya.

Jumamosi nilitoa soksi za Blagoje kuzifua, kwa kuwa zilikuwa zimeanza kunuka kuungua. Zilichelewa kukauka, mvua ilinyesha. Kitambaa nacho nilikifua. Mashine ikabaki uchi mchana kutwa, ikafanya kazi mchana kutwa. Video ya Vlasotince imekamilika. Nilisimama mbele ya kamba ya nguo nikiwa na kibanio mdomoni, nikahesabu dakika ishirini, nikahesabu meza ya chakula, nikahesabu siku mtoto alipoletwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kilichoila kompyuta yetu kilikuwa nguoni mwangu hasa, na kimefumwa maua.

Ningeweza kukaa kimya, hakuna aliyejua. Kwa miaka thelathini na mmoja sikukubali kosa la posta hata moja, hata pale kifurushi kilipokutwa chini ya kiti changu. Lakini ndani ya kasha ilikuwa Buluu bado, ikionekana mshindi, na Jelica alikuwa ameshaanza kubandua majedwali yake kwenye friji, moja moja. Nikaona aibu. Nikamwita jikoni nikamwambia. Akanitazama, akazitazama soksi, akaniuliza: "Sita zote, Mama?" Kisha akanikumbatia akicheka na kulia, sijui kipi kilitangulia.

Jana nikaenda kwa Tihomir kwa miguu, soksi ndani ya mfuko. Nikazipanga mezani kwake, jozi kwa jozi, nikakiri. Alicheka mpaka mkewe akamletea maji. Kisha akauliza: "Kwa hiyo Buluu haikuwa na kosa?" Nikamwambia, wala Nyekundu. Akainama mbele, macho makali: "Basi tuambie, Bi Bosiljka, wewe uliyezijaribu zote mbili. Ipi bora?"

Ndugu Mhariri, Mungu anisamehe. Nilisema inategemea.

Kwa hiyo ombi (a) nalifuta. Ombi (b) halina maana tena. Kuhusu (c), usipande basi. Soksi nimemwachia Tihomir, kwa kuwa kioo cha gari lake la mafunzo hakifungiki na anafundisha watu kuendesha ndani ya promaja. Dirisha la chumba cha mtoto nalifunga mwenyewe, na kitanda tumekisogeza.

Tihomir alisimama, akaenda kabatini, akaliangalia lile koti la sherehe, akatoa karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara nne, ina vumbi la mfukoni. Akanipa niisome mwenyewe. Jina alikuwa ameliandika kabla hajaja kwetu, kabla ya uzi, kabla ya kahawa, kwa mwandiko wake mkubwa wa kelele.

Leo asubuhi tumemsajili, siku moja kabla ya kikomo. Karani, msichana mdogo, aliuliza jina linaandikwaje. Nikamwambia aangalie kitambulisho changu na anakili hivyo hivyo.